Nataka Betty Ainue Mkono Mbele ya Watu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana mji huu ni mdogo na watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Nkoma hapa Mbale, nina mume na watoto wakubwa. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu miaka ya tisini, na wiki iliyopita limenichemkia upya.

Baba yangu alikuwa askari magereza kutoka kaskazini. Tulikulia kwenye kota, Kiswahili ndicho tulichoongea nyumbani. Nilipokuwa chuoni hapa Mbale, baba alikuwa anakaribia kustaafu, na akistaafu nyumba inarudi serikalini. Mimi nilicheza mpira wa kikapu, na nilicheza kweli, sijisifu. Siku moja tukaambiwa timu ya askari ya Jinja inatafuta msichana mmoja. Atakayechaguliwa anaandikwa kazi, anapewa sare na nyumba. Baba akaniambia, "Mwanangu, sisi yote iko nyuma yako." Wiki ile sikulala vizuri.

Tulibaki wawili, mimi na rafiki yangu, nimwite Betty. Tulikula sahani moja. Hata nguo tuliazimana, ila zangu zote zilikuwa fupi kwake, kwa sababu alinizidi urefu. Shikeni hapo kwenye urefu.

Afande aliyekuja kutupima alianza na pushapu, tukaenda sawa. Kisha kukimbia kwa kupindapinda kati ya madebe yenye mchanga, na hapo nilimwacha mbali. Likabaki la kuruka. Enzi zile hatukuwa na mashine. Unasimama kando ya ukuta wa stoo, nyayo chini, unainua mkono, afande anapiga mstari wa chaki pale vidole vinapofika. Halafu unapaka chaki vidoleni, unaruka, unagusa juu kadiri uwezavyo. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo rekodi yako. Maana yake, mstari wa kwanza ukiwa chini, umeonekana umeruka sana.

Betty alikuja amevaa traksuti pana ya kaka yake, siku ya jua kali. Nilimtania kwamba ameugua malaria. Afande akapiga mstari wa kwanza, akapiga wa pili, akapima, akatangaza kwamba Betty amevunja rekodi ya chuo na nafasi ni yake. Nikamkumbatia na kumpongeza, mjinga mimi.

Kesho yake asubuhi nikapita pale, mistari bado ipo. Nikasimama ukutani, nikainua mkono. Vidole vyangu vikaupita mstari wa chini wa Betty. Mimi, mfupi! Ndipo nikaielewa ile traksuti. Alikunja magoti humo ndani na kushusha bega, wakati afande macho yake yote yako kwenye vidole.

Nilipanda gari nikamfuata afande Jinja. Hata kiti hakunipa. "Hiyo laini nimepiga mimi mwenyewe," akasema. "Wewe iko na wivu tu. Mutu ya wivu hapana weza kuwa askari." Nikamwendea Betty. Hakukana! Alicheka, akaniambia, "Dada, kila mutu natafuta yake. Wewe iko na akili, utafundisha."

Baba akastaafu, tukatoka kota, tukapanga chumba kimoja Malukhu, familia nzima. Mama alikuwa akijificha asionwe na wake wa askari waliofanya kazi na baba. Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba baba hakuniamini. Mpaka leo, mzee hata kutembea ni kwa kushikwa mkono, akikasirika ananiambia, "Wewe ilikuwa mvivu. Mwenzako iliruka."

Mistari yangu ilifutwa na mvua. Ya Betty ilipigwa rangi nyekundu ya mafuta pamoja na jina lake, na kila wanapopaka ukuta chokaa wanaizunguka. Ipo hadi leo.

Sasa Betty amestaafu na cheo chake, na mwezi ujao uwanja wa chuo unapewa jina lake. Amenipigia simu kwa sauti ya asali: "Dada, wewe ndio najua mimi. Kuja uongee kidogo vile tulikuwa nafanya mazoezi." Nikamjibu nitakuja. Gauni nimeshashonesha. Baba naye amealikwa, atakaa mbele.

Nikishapewa kipaza sauti sitatukana mtu. Nitasema tu, "Afande Betty, vua viatu, simama pale ukutani, inua mkono tuone." Mtu akizeeka hupungua, harefuki. Mkono wake utaupita mstari wake mwenyewe wa chini mbele ya wakuu wake, mbele ya wajukuu zake na mbele ya baba yangu. Nataka niuone uso wake siku hiyo. Nauwaza nikipika, nikifua, hata kanisani, Mungu anisamehe.

Mume wangu anasema nitajiaibisha, watu watasema ni wivu wa uzeeni. Binti yangu anasema nimwite Betty pembeni aniombe msamaha. Pembeni? Yeye alininyang'anya mbele ya chuo kizima!

Kwa hiyo wale wa kuniambia nisamehe, asanteni, nimeshasikia. Ninachoogopa ni kimoja tu. Betty ni mjanja, na akikataa kusimama pale, nitabaki na kipaza sauti mkononi, na baba atarudi nyumbani na neno lake lile lile, na kwa umri wake huenda akazikwa nalo. Nishaurini, nifanye nini asinikwepe? Nimwite kwa ukali, au nimchekee, nimwambie, "Dada, kuja tupige picha ya kumbukumbu pale ukutani, inua mkono kama zamani"?