Fimbo Yenye Sharubu

Shule niliishia darasa la pili. Ng'ombe wa baba walikuwa wengi na wa kuwachunga tulikuwa wachache, basi nikatolewa. Kwa hiyo mkiona nazunguka, mnivumilie, nitafika tu.

Jambo lenyewe ni kwamba mwanangu alikuja na pikapu tupu. Gari tupu likisimama uani kwa wazee linatisha kuliko lililojaa, maana lililojaa limekuja kushusha. Hili lilikuja kutubeba.

Mume wangu haoni. Vikope vilimla macho polepole, tangu watoto wakiwa wadogo. Kope ziligeukia ndani zikawa zinamkwaruza, nami nikawa nazing'oa kwa kibano jioni tukishakula, yeye kichwa chake mapajani mwangu, ananitukana. Kibano kile nilikinunua mnadani kwa yule Mhindi mwenye... hapana, hiyo tuiache. Sasa anaona mwanga tu, anajua huku ni mlangoni na huku ni ukutani.

Lakini uwanja wetu hapa Mvumi anaujua kwa miguu. Kila jiwe, kila mzizi. Kilichomwangusha hakikuwa chini. Jirani aliacha mkokoteni wake njiani, mti wa kufungia ng'ombe umenyanyuliwa juu, nao ukampata mzee kwenye paji la uso. Alishonwa hospitali. Mwanangu, ambaye anafanya kazi ofisini mjini, alikuja akaiona ile bandeji, akaniambia, "Mama, akianguka tena, namchukua. Nyote wawili. Mtakaa kwangu Area D."

Ni mtoto mzuri, na hilo ndilo gumu. Mtoto mbaya ungemfukuza.

Mzee aliyasikia yote. Usiku akasema, "Kule nitakuwa mzigo unaokaa kwenye kochi."

Sasa kuna wanafunzi. Walikuwa watatu, wa sekondari ya upande wetu, wasichana wawili na mvulana mmoja, pamoja na mwalimu wao. Waliambiwa watengeneze kitu cha kumsaidia mtu mwenye ulemavu, ila wazo walitoe kwa kiumbe, wasilitoe kwenye simu. Walikuja kumwangalia mzee anavyotembea. Msichana mmoja, mwembamba, yeye hakumwangalia mzee kabisa, alimwangalia paka wangu.

"Bibi, usiku huyu anapitaje kwenye vyombo bila kuangusha?"

"Ana sharubu," nikamwambia. "Zikipita, naye anapita."

Nikamweleza jinsi mjukuu wangu alivyomkata paka sharubu kwa mkasi, paka akaingiza kichwa kwenye kibuyu cha maziwa, kikakwama. Tulivunja kibuyu. Nililia, sisemi uongo, nililia kwa ajili ya kibuyu.

Wakaenda, wakarudi na fimbo. Waya wa breki ya baiskeli wameufumua ukawa nyuzi nyuzi, wakazifunga mbele ya fimbo, usawa wa kifua, zimechomoza urefu wa mkono. Ndani ya mpini wametia kile kidude kinachotetemesha simu. Nyuzi zikigusa kitu, mpini unatetemeka kiganjani. Walitaka aipitishe chini huku na huku kama vipofu wa mjini, mzee akakataa, akasema yeye si mfagiaji. Anaishika wima mbele yake, kama mchungaji. Wakakubali, maana shida yake ilikuwa vitu vya juu. Waliijaribu darasani kwenye makabati, na hapa kwetu kwenye matawi na kwenye pembe za dume letu. Haikukosea.

Mzee akaipenda mpaka ikawa utani. "Huyu ndiye mke," akawa anasema juu ya yule msichana mwembamba. "Kanipa macho. Wewe mke mkubwa umenipa nini?"

"Nilikupa kibano," nikamwambia.

Ndipo mwanangu na mkewe wakaja na lile gari, bila kungoja mzee aanguke tena. Mwanangu alisikia mambo ya fimbo akacheka, halafu akakasirika. Akasema mbele ya wanafunzi na mwalimu wao, "Haya. Baba atoke mlangoni, aende mpaka lango la zizi, arudi kwenye kigoda chake. Mtu asimwambie kulia wala kushoto. Asiseme mtu neno. Akifika salama, naondoka. Akigonga kitu, tunapakia vitanda."

Mzee akasema, "Sawa." Hakuniuliza mimi.

Mwanangu mwenyewe alikwenda kuweka vikwazo. Kamba ya nguo akaivuta kati ya miti miwili. Mkokoteni akauleta akaunyanyua mti wake, vilevile kama siku ile. Nikamwangalia nikasema moyoni, huyu nilimzaa mimi.

Mzee akatoka. Kwenye kamba alisimama, akainama, akapita. Kwenye mkokoteni mpini ulitetemeka, nikaona kidole gumba chake kinacheza, akazunguka. Akafika langoni, akapiga ubao kwa kiganja ili tusikie. Yule msichana alikuwa ameuma ukosi wa sare yake. Mzee akageuka kurudi, na sasa kwa kuwa alijua amepita alipoangukia, akatembea haraka, kifua mbele, kama ujanani alipokuwa anakwenda ngomani.

Hapo ndipo mkwe wangu, mke wa mwanangu, akatoka jikoni.

Yeye alikuwa nyuma anapika uji wa uwele kwa ajili ya wageni, hakusikia lile agizo. Alitoka na sufuria kubwa, ameishika kwa matambara mawili, uji unatokota bado. Mumewe alipomwona akaweka kidole mdomoni. Bila kufikiri, najua, lakini aliweka. Basi binti wa watu akanyamaza. Na kwa kuwa mbele yake anakuja baba mkwe, akafanya alichofundishwa na mama yake: akachuchumaa. Palepale njiani, sufuria mbele ya magoti, macho chini.

Hapa kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani. Hata kupeana mkono hawapeani. Na sharubu zile zilikuwa usawa wa kifua. Mtu aliyechuchumaa zinampita juu kama upepo.

Mzee anakuja. Nikamwangalia mwanangu, ameshaona, mdomo wazi, mkono bado uko juu. Nikisema "mzee, simama," nimevunja agizo, vitanda vinapakiwa. Nisiposema, anamwangukia mkwe wake kwenye uji wa moto, anamuunguza, anaungua, na kwa aibu hiyo hawatakaa tena chumba kimoja maisha yao. Binti hakuweza kukimbia, sufuria ilikuwa nzito na watoto wa jirani walikuwa nyuma yake.

Nikapiga kelele, "Mkwe! Simama wima! Inuka!"

Akainuka, sijui alipata wapi nguvu. Alisimama wima mbele ya baba mkwe wake kama polisi, uji ukamwagikia miguu yake kidogo. Nyuzi zikamgusa begani. Mpini ukatetemeka. Mzee akasimama, fimbo imenyooka, mvuke unampanda usoni.

"Kuna nini hapa?" akauliza. "Kinanuka uji."

"Ni mimi, baba. Shikamoo."

Mzee akarudi nyuma hatua nzima. "Marahaba," akasema, sauti imekauka.

Mwanangu akaja mbio. "Mama, umesema! Tumekubaliana mtu asiseme!"

"Sikusema naye. Nimesema na mkeo."

"Ni kilekile. Bila wewe angeanguka. Fimbo imeshindwa." Akageuka kwenye gari.

Wale wanafunzi wakainamisha vichwa. Mwalimu wao akasema polepole kwamba darasani hakuna aliyechuchumaa, makabati hayasalimii.

Ndipo mkwe wangu akaweka sufuria chini. Huyu binti hajawahi kupaza sauti nyumbani kwangu, hata siku niliyomsingizia kuwa amezidisha chumvi. Akamwambia mumewe, "Baba watoto, kule kwetu korido ni nyembamba, watu wawili hawapishani. Hapa uwanja wote huu tumekoswakoswa. Kule nitakutana naye kila nikitoka bafuni. Nitachuchumaa wapi?"

"Utazoea," mwanangu akasema.

"Yeye je? Atakaa chumbani siku nzima ili asinigonge. Ndicho unachomletea?"

Mwanangu akamwangalia baba yake. Mzee alikuwa amegeuzia uso ukutani, kwa heshima, bado ameshika fimbo kwa mikono miwili. Mwisho mwanangu akawauliza wanafunzi, "Hizo nyuzi, mnaweza kuweka na za chini?"

"Tunaweza," msichana mwembamba akasema. "Waya umebaki."

"Basi wekeni. Wazee wabaki. Ila hizo za chini zikikosea mbele yangu, sitabishana tena na mtu."

Msichana akatoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akamwendea mkwe wangu, akampa shikamoo kwanza. "Dada, samahani. Naomba uchuchumae tena, vilevile."

Mkwe wangu akaniangalia mimi, nikamwitikia kwa kichwa. Akajikunja mavumbini, miguu yake bado myekundu kwa uji, na msichana akampima kutoka ardhini mpaka begani.