Fundi wa Boila Aliyekuwa Kwenye Foleni

Jumanne nilikuwa kwenye ofisi ya uhamiaji hapa Kisumu, nikingoja pasipoti yangu. Mbele yangu mama mmoja mwenye kiwanda kidogo cha sukari guru huko Muhoroni alikuwa akiomba kibali cha kumleta fundi wa boila kutoka India. Boila yake ilikuwa imelala wiki tatu, na miwa ilikuwa inakauka uani.

"Mama, lazima uonyeshe ulitafuta Mkenya ukakosa," afisa akamwambia. "Hii kazi ulitangaza wapi?"

"Nilibandika karatasi kwa mlango ya kiwanda."

Nyuma yangu mwanamume wa makamo akakohoa. "Mama, mimi natoka Katito. Hiyo mlango ningeiona aje?"

Mama akageuka, akamkagua kuanzia viatu. "Kwani wewe unajua boila?"

"Hiyo ndiyo kazi inanipeleka Dubai."

"Moto iko sawa lakini mvuke haipandi. Unaanza wapi?"

Yule bwana akaweka fomu zake kwapani, akachora mabomba hewani, akafungua vali isiyokuwepo, akaeleza polepole jinsi uchafu wa maji unavyoganda ndani. Mama akaanza kutabasamu.

"Muhoroni ni karibu kuliko Dubai," akasema, akikunja karatasi zake. "Twende uione."

Wakatoka wakibishana kuhusu mshahara. Sheria inamtaka mwajiri amtafute mwenyeji kwanza, ila haimwambii atafute wapi. Mimi ningeanzia kwenye foleni ya wanaoondoka. Afisa alipoteza wateja wawili kwa dakika kumi, na sijawahi kumwona mtumishi wa umma akifurahi hivyo.