Niliandika jina la mavyaa, mashine ikalichora

Naomba mnifichie jina, na kijiji msikitaje, kwani ninayemwogopa nalala naye kitanda kimoja. Nina miaka hamsini kasoro mmoja, mke wa mtu, mama wa watoto wanne, pande za Msambweni. Nisomeni hadi mwisho kabla hamjanitukana. Hakuna tusi ambalo sijajitukana mwenyewe.

Miaka ya tisini ikiishilia, nilikuwa nachapa barua katika ofisi ndogo pale Ukunda. Kompyuta yetu ilikuwa ya skrini nyeusi, haina madoido. Tajiri wangu alinifundisha amri moja: unaandika jina la programu, unafuatisha maneno yako, unataja ukubwa wa herufi, unabonyeza. Maneno yanatoka yakiwa picha, herufi nene zenye kivuli kama za bango. Hoteli za Diani zilikuwa zikituagiza vibao vya milangoni. Karatasi zilizoharibika nilizibeba kila Ijumaa hadi kijijini kwa mume wangu, nikampa jirani aliyekaanga bajia afungie.

Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, hakunipenda. Alisema mwanamke anayeshinda na wanaume Ukunda hana haya. Nikameza. Nilipobeba mimba ya kwanza, akasimama mbele ya wanawake waliokuja kupeta mchele wa harusi, akasema, "Ngojeni azae, tuone kafanana na mpishi gani wa bara." Wakacheka wote.

Kesho yake nikakaa mbele ya mashine, nikaandika amri ile ile, na mahali pa maneno ya hoteli nikaweka jina lake kamili na la babake, kisha: NI MCHAWI, ANAKULA WATOTO WA WATU. Nikabonyeza. Ikatoka picha safi kuliko ya hoteli yoyote. Nikaichapa, nikacheka hadi machozi, nikaitupa kwenye karatasi mbovu.

Ijumaa ilipofika niliiona, iko juu kabisa. Sitawadanganya. Ningeweza kuichana. Nikasema moyoni, acha waisome, na yeye achekwe aonje.

Wiki ile kijiji kilikuwa kimezika watoto wawili kwa homa. Nilijua, lakini hasira haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Na pale kijijini hakuna aliyewahi kuiona kompyuta. Walichosikia ni kwamba haikosei na haina upendeleo. Ingekuwa karatasi ya mkono wangeuliza kaandika nani. Hii ilikuwa picha, haina mwandiko wa mtu. Basi wakasema mashine imemtaja.

Jumamosi baada ya alasiri wakaja vijana kama ishirini na mapanga na marungu. Mavyaa alikuwa uani akisuka makuti. Wakamkokota kwa nywele hadi mchangani, wakampiga mateke ya mdomo. Mmoja wao, ambaye mdogo wake alizikwa juzi yake, alikuwa ameishika ile karatasi, imelowa mafuta ya bajia. Akanigeukia.

"Wewe ndiye unayefanya kazi na kompyuta. Inaweza kusema uongo?"

Mavyaa akaniangalia, damu inamchuruzika. "Mwanangu, waambie," akasema. Siku zote hakuwahi kuniita mwanangu. Neno moja tu lingetosha. Nikayatazama yale mapanga, nikashika tumbo langu, nikasema, "Sijui."

Rungu la kwanza lilimvunja taya. Alipoinua mikono kujikinga wakaikata yote miwili. Kisha wakamfunika kwa makuti aliyokuwa akiyasuka, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, lakini aliyeandika sikumtaja. Harufu ile mpaka leo siwezi kukaa kwenye nyama choma.

Mume wangu alirudi kutoka kazini akamkuta mamake amefunikwa shuka. Akaapa kwamba atamjua aliyeandika. Mimi hakunishuku, kwani aliambiwa nilivyomlilia mamake hadi sauti ikakauka. Pale kiamboni, kwenye nyumba za ukoo wao, ukiniondoa mimi, mtu aliyejua kusoma vizuri na kufika Ukunda mara kwa mara ni kaka yake, naye alikuwa na ugomvi na mama yao juu ya minazi. Mume wangu hakuuliza mara mbili. Alimkuta kisimani mchana kweupe, akampiga panga la bega, akarudia mkono wa kulia ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Shemeji hakurudisha hata kofi. Alisema tu, "Si mimi," na alipotoka hospitali akahamia Kikoneni bila mkono.

Mwezi uliopita nikasikia shemeji ana saratani na hatapona. Nikaenda kumwangalia kwa siri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae kitako.

"Shemeji," akasema, "wiki ile nilikuja ofisini kwenu nichapiwe barua ya shamba. Nilisimama nyuma yako, nikakuona ukiliandika jina la mama. Nikadhani ni mzaha wenu wa wanawake. Nikacheka, nikaondoka."

Nikamwuliza mbona hakunitaja siku ile kisimani. Akasema, "Ulikuwa na mimba ya ndugu yangu. Angekukata wewe." Nililia nikiwa nimelishika lile gutu la mkono wake.

Hata sasa hataki nijitaje. Anataka kitu kimoja, azikwe karibu na mamake. Nilipomgusia mume wangu habari ya kumsamehe, alivurumisha sahani ukutani, akasema maiti ile ikiingia kiambo chake ataifukua kwa jembe awape mbwa. Ana miaka sitini na ushei lakini umri haujampoza hata kidogo, na mkono wake naujua.

Nikisema, sijui kama nitaliona jua la kesho, na wanangu watajua bibi yao aliuawa kwa ajili ya nani. Nisiposema, mtu aliyenitolea mkono wake atazikwa ugenini akiitwa muuaji wa mama yake. Leo asubuhi nimepigiwa simu kutoka Kikoneni, hata maji hayapiti tena. Mume wangu yuko sebuleni, ananingoja tule. Ndugu zangu, nawaomba mnijibu upesi, niende nikamwambie, ama ninyamaze tena?