Ziwa Lililobeba Maneno

Kwa Wandali wa kizamani, mke wa mwanao humtazami usoni, humpi mkono, humsemeshi. Naye akikuona njiani anaingia majanini mpaka upite. Vijana wengi wameyaacha hayo. Mzee Amoni hajaacha, na Atuganile, mke wa mwanawe Yonasi, naye hajaacha. Wakaidi wawili chini ya bati moja, huko Mbozi.

Yonasi alipokuwa hai mambo yalikwenda. Alikuwa utingo wa malori Tunduma. Akirudi nyumbani alikaa katikati, akachukua neno la huku akalipeleka kule, huku akiwacheka wote wawili. Mwaka jana akaugua ghafla, akafa. Mtoto hawakujaliwa. Tangu hapo chakula cha mzee kinawekwa mlangoni, na sahani inarudi tupu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha nyumba ile hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa upweke mtupu.

Kisha ndugu wa marehemu wakaanza: mwanamke huyu arudi kwao. Atuganile hakutaka. Mwenye neno la mwisho ni mzee, lakini angelisemaje? Neno kama hilo hulitumi kupitia jirani kama vile unaomba chumvi. Atuganile akabaki kusubiri, nguo zake zimeshafungwa kwenye begi.

Yonasi alikuwa ameahidi kuwapeleka Ziwa Ngosi, juu ya milima ya Uporoto, wote watatu. Siku moja jirani yao Rozi akaja na ujumbe kwamba mzee anakwenda kuliona hilo ziwa, anayetaka afuate. Atuganile akafuata.

Walipanda kwenye matope na mianzi, mzee mbele na mkongojo wake, Atuganile nyuma sana, kitenge kimemfunika kichwa. Kileleni ukungu ukafunguka. Maji ya kijani yalikuwa chini kabisa, yamezungukwa na msitu, hakuna mtumbwi, hakuna mtu. Uzuri ule ulimuuma Atuganile. Angemwambia nani, "Umeona?"

Mzee alikuwa amempa mgongo. Akakohoa, kisha akayasemesha maji.

"Wewe ziwa, mwanangu alitaka tuje watatu. Tumekuja wawili. Sasa nasikia wanataka huyu mama aende kwao. Mwambie mimi sikusema hivyo. Mwambie nyumba ni yake. Akiondoka, nitabaki na kuku."

Atuganile alilia, tena bila kujificha. Kisha naye akalitazama ziwa.

"Ziwa, mwambie baba kahawa inakaribia kuiva. Nikienda kwetu, ataichuma nani? Na hiyo miguu yake?"

Mzee akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakugeuka.

Wakaanza kushuka, mzee mbele, Atuganile nyuma. Safari hii hakubaki mbali. Aliacha kati yao nafasi ya kumtosha mtu mmoja tu.