Korosho Zilivyonivua Kanzu Mbele ya Mkwe

Aibu hii nimeificha miaka mingi, lakini leo mmenibana, basi anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize kabisa.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa kilimo Kibaha, nikapewa kazi ya kuandika karatasi ya kuwafundisha watu kukaanga korosho (mimi ambaye korosho nilizijua zikishafika kinywani). Niliandika kama wakulima walivyonieleza, nikaambiwa nitafute mtu wa kuisahihisha. Na wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa Kisarawe, jibu halijatoka, nikaona karatasi hiyohiyo initafutie na mke.

Nikaenda kumsomea mama wa binti, Bi Mwanahawa, si kwa kutaka ushauri, nilitaka anione msomi. Yeye akaanza, "Kikaango chenyewe cha namna gani? Moto ukilipuka unauzima na nini? Wewe umeshajaribu?" Nikamwambia, "Hayo tutayaangalia, mama," moyoni nasema huyu ananichelewesha. Kazi nikampa jirani yangu Maalim Sefu, mwenye Kiswahili kitamu na mwandiko wa kupendeza, ambaye hakuniuliza hata swali moja. Nilivyofurahi! Ule mstari wa kuweka mchanga na majivu karibu na kikaango, aliufuta. "Karatasi ya serikali haitaji majivu," akasema, nami nikaitikia.

Siku ya maonyesho Kisarawe uwanja ulijaa, Bi Mwanahawa kakaa mbele na shoga zake, mimi na kanzu nyeupe pe, karatasi mkono huu, mwiko mkono huu, nasoma mstari, nafanya, nasoma, nafanya, mpaka mafuta ya maganda yakatoka yakashika moto, watu wakarudi nyuma, nami badala ya kukimbia nikatazama karatasi inasemaje (ilisema "koroga kwa utulivu"), nikakoroga kwa utulivu, mafuta yakaruka, kanzu ikawaka. Nikaivua. Ndiyo, mbele ya mkwe! Nikabaki na kaptula ya ndani niliyoishona kwa mfuko wa unga, maandishi ya kiwandani yanasomeka vizuri makalioni, na siku ile ndiyo maandishi yangu pekee yaliyokuwa hayana kosa.

Bi Mwanahawa alijifunika uso kwa khanga, akachota mchanga, akaumwagia moto bila kunitazama. "Bwana karani," akasema, "si nilikuuliza moto unauzima na nini?"

Nililia njia nzima, nikijua mke nimemkosa. Ijumaa mshenga akaja na jibu: "Mama mtu amekubali. Anasema mkwe asiye na cha kuficha tena hapatikani kila siku."

Tangu hapo, mtu wa kunisahihishia maelezo ya kazi namwuliza kama kazi yenyewe ameshawahi kuifanya, na asiponiudhi kwa maswali simchukui. Na kaptula za ndani nanunua dukani.