Faini Iliyotuita Wapendwa

Serikali niliyoizoea mimi haibembelezi mtu. Nilikulia Bukavu, Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, nikarudi Rusizi, upande wa Rwanda, nikiwa mke wa mtu, na pande zote mbili za mto wa mpakani nilijifunza jambo moja: mkubwa akikuandikia, anaandika kwa ufupi na kwa ukali. Lipa. Hama. Fika ofisini. Ukisoma unaogopa, na ukiogopa unajua kwamba barua ni ya kweli.

Wenye maneno matamu ni matapeli. Huku tunawaita batekamutwe, na watu wa mpakani ndio shamba lao. Wanakuletea ujumbe kwenye simu na kukutaja kwa majina yako yote, maana mtu akijaribu tu kukutumia pesa, majina yako yanamtokea. Wanakuita mama mpendwa. Wanasema wamekutumia hela kwa makosa, uwarudishie, Mungu atakubariki. Mimi walinilia mtaji mzima wa nyanya kwa baraka hizo. Nililia, nikatukana, kisha nikaweka sheria nyumbani kwetu Gihundwe: mtu usiyemjua akikuita mpendwa, futa. Mume wangu aliifuata sheria ile kuliko anavyofuata za barabarani.

Yeye alikuwa motari, mbeba abiria kwa moto, ndivyo tunavyoita pikipiki huku, na pikipiki ilikuwa yetu wenyewe. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu motari wengi wanaendesha ya tajiri na jioni wanampelekea chake. Yetu tuliinunua kwa kujinyima. Asubuhi ilikwenda Rwimbogo kuchukua makasha ya nyanya kwa wakulima, ikaniteremshia mpakani, nami nikavuka nayo kwenda kuuza Bukavu. Mchana ilibeba abiria. Kodi ya nyumba, chumvi, ada za watoto, vyote vilikuwa vimekaa juu ya magurudumu mawili. Kukodi moto ya mtu mwingine kila asubuhi kungekula faida yangu yote, na mimi ningebaki kubeba nyanya kama mazoezi ya mwili.

Msimu wa mvua ulipoanza, simu yake ikaanza kuita watu wapendwa. Ujumbe ulikuwa wa Kinyarwanda kitamu kama cha harusini, na maana yake ilikuwa hivi: “Ndugu mpendwa, tunajua wewe ni mtu anayeheshimu sheria. Pikipiki yako ilionekana ikizidisha mwendo. Majirani wako wengi waliopata faini kama hii wamekwisha kulipa. Chagua siku inayokufaa: 1 leo, 2 wiki hii, 3 mwisho wa mwezi.” Juu waliweka majina yake yote, na namba ya pikipiki.

Alinisomea nikiwa napanga nyanya, zilizoiva huku, ngumu kule. Tukacheka sana.

“Sikia hii mwizi,” akasema. “Ati minaheshimu sheria! Njo unajua hanijue.”

“Namba ya moto ameitosha wapi?”

“Namba iko kwa moto, Maman. Kila muntu anaiona mu barabara.”

Akafuta. Ukaja mwingine, mpole kuliko wa kwanza, akafuta na huo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulijiona werevu kwa kushtuka. Kumbe faini ilikuwa ya kweli, ya kamera iliyo kwenye mteremko wa kuingia Kamembe, na kila mwezi uliopita ilikuwa inaongezewa ziada.

Walimsimamisha njiani akiwa na makasha yangu. Askari alitazama kwenye simu yake, akasema deni limelala muda mrefu, moto inabaki. Nilimsubiri mpakani mpaka jua likawa kali, halafu nikamwona anakuja kwa miguu, kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, mkononi, kasha moja kichwani. Mengine aliyaacha kwa mama mmoja muuza ndizi. Nilipoiona ile kaske bila pikipiki, nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi la watu.

Kesho yake tulikwenda kwenye uwanja wanakofungia pikipiki. Hapo ndipo nilipowaona wale majirani zangu wengi waliokwisha kulipa. Walikuwa wamepanga foleni. Fundi wa viatu wa mtaa wetu, motari wanne au watano wa stendi ya mume wangu, mwalimu mmoja wa kwaya aliyekuwa anatazama ukuta ili asisalimiwe. Kila mmoja alikuwa amefuta ujumbe. Kila mmoja alisema, “Nilizania ni batekamutwe.” Tulicheka kidogo, kicheko cha msibani, kisha kila mtu akarudi kwenye hofu yake.

Mezani alikaa binti mwenye kitambulisho shingoni, mstaarabu, sauti ya chini. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mwenye tumbo, nikakuta mtoto wa watu. Alitueleza kwamba zamani ujumbe ulikuwa wa vitisho, na watu wakiogopa walikuwa wanajificha. Basi wakaletwa wataalamu wanaosoma tabia za binadamu. Wakashauri watu waitwe kwa majina, wasifiwe kidogo, waambiwe kwamba wenzao wanalipa, na wachague siku wenyewe, kwa sababu mtu aliyechagua siku mwenyewe huona aibu kuivunja.

Nikamuuliza, “Mwanangu, hao bataalamu baliuliza hata muntu moja wa hapa mupakani?”

Akatazama meza. Akasema anaelewa. Nilimchukia kwa kuelewa, maana kuelewa kwake hakukufungua lile geti. Nyuma yake niliiona moto yetu katikati ya nyingine, kiti chake kikiwa na kile kitambaa cha maua nilichokishona mwenyewe, kimelowa mvua.

Alitupa muda mpaka siku ya mnada. Tusipolipa faini na ziada yake yote, itauzwa. Tulipokuwa tunaondoka akatuita, kwa wema kabisa, akamwambia mume wangu, “Papa, message zetu ni za adabu. Ikikuja tena, usifute. Uiamini.”

Maneno yale ninayasikia mpaka leo.

Sisi wanawake tunaovusha mboga tuna likilimba letu: kila mmoja anachanga, na kila zamu mmoja anabeba chote. Zamu yangu ilikuwa mbali. Nilimwendea mama aliyekuwa anafuata kubeba, mjane aliyetaka kubadilisha mabati yaliyooza juu ya kichwa chake, nikapiga magoti. Mtu asikudanganye kwamba magoti ni ishara tu, yalinichubuka. Akaniambia, “Inuka. Mvua nimeizoea. Mabati yangu yatangoja moto yako.” Akanipa zamu yake.

Ilipatikana hela ya faini. Ya ziada haikutimia. Niliziweka zote kwenye simu ya mume wangu, kwa kuwa mimi ninavuka kila siku na sipendi kuvuka na pesa za watu, nikamwambia azishike huku nikitafuta zilizobaki. Nilikuwa na bibi mmoja wa Bukavu anayedaiwa na mimi, nikaenda kumwinda sokoni. Nikishavuka daraja huwa natoa laini ya Rwanda kwenye simu na kutia ya Kongo, wenzangu wote wanafanya hivyo. Siku ile nilifanya kama siku zote.

Mume wangu alipata ujumbe mchana. Alinionyesha baadaye, na nakiri ulikuwa umeandikwa vizuri. “Ndugu mpendwa, tunakushukuru kwa kufika ofisini kwetu. Kwa kuwa umeonyesha moyo wa kulipa, ziada yako yote itafutwa ukilipa faini leo kabla ya saa kumi. Wenzako wengi uliokuwa nao kwenye foleni wamekwisha kulipa.” Na chini yake namba ya kutumia.

Sijui nani aliandika. Labda alikuwa kwenye foleni ile ile akisikiliza, labda alisoma tu yale ya serikali akajifunza. Wezi nao wanasoma tabia za binadamu, tena hawaletwi na mtu.

Alinipigia. Akanipigia tena na tena. Laini yangu ya Rwanda ilikuwa imefungwa kwenye kipindo cha kitenge, na ile ya Kongo, ya wateja tu, hakuwa na namba yake. Muda ulikuwa unakwenda, hela iliyokuwa inatakiwa ndiyo ile ile tuliyokuwa nayo, na yule binti mwema alikuwa amemwambia aamini. Akatuma. Kisha akaosha uso, akachukua kaske, akatembea mpaka uwanjani kuileta moto nyumbani ili nikirudi niikute mlangoni. Alitaka kunifurahisha.

Binti alisoma ile namba, akaziba mdomo kwa mkono.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kaske mapajani. Nikajua kabla hajasema. Nilisema maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume, na niliyasema kwa sauti, majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Yeye alijibu kitu kimoja tu.

“Nilikuita, Maman. Haukuwe mu simu.”

Hasira ikanitoka yote, ikabaki hofu. Tulikwenda kushtaki, wakaandika, wakasema watafuatilia, na ile namba ilikuwa imekwisha kufungwa. Mjane wangu nilimwambia mwenyewe, chini ya mabati yake, maji yakidondokea kwenye sufuria katikati yetu. Hakunifokea. Alihamisha sufuria tu.

Jioni ya kuamkia mnada, simu ikalia tena. Tuliitazama pale juu ya meza kama kitu kinachouma. “Soma weye,” akasema.

Nikasoma. “Ndugu mpendwa, tunakukumbusha kwamba muda wako unaisha kesho. Majirani wako wengi wamekwisha kulipa. Chagua siku inayokufaa: 1, 2, 3.” Hawakutaja namba ya kutumia hela. Hawakuahidi punguzo. Ulikuwa wa kweli, na sasa nilijua kuutambua, na ndipo nilipolia.

Akaichukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwa Kiswahili chetu, maana Kinyarwanda hajui kukiandika: “Bakubwa, mimi nilisha kulipa. Nililipa bantu bengine. Musiuzishe moto, niko na batoto.”

Jibu lilikuja hapo hapo, hata hakuwa ameiweka mezani. “Asante kwa kutujibu, ndugu mpendwa. Hatukuelewa jibu lako. Tafadhali chagua 1, 2 au 3.”

Hatukuwa na hela hata ya kununua mkaa. Nilidhani ataitupa simu ukutani, na ningemruhusu.

Akabonyeza 1. Leo.

“Hongera,” simu ikamwambia. “Watu kama wewe ni mfano kwa majirani zao.”