Hesabu za Prosesa Nisiyoijua

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila ninapokuona ukifurahia namba kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi katika karakana ya Mzee Awadhi, ghorofa ya pili, hapa hapa Kariakoo. Wazazi walikwisha kufariki. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na wadogo zangu watatu walikula na kusoma kwa kazi ile. Programu nilijifunza kwa kusoma za wengine, mstari kwa mstari, mpaka nikawa naandika mwenyewe draiva, zile programu za kuongoza vifaa vya kompyuta. Kazi niliijua, sioni haya kusema.

Sasa sikia. Ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kuna vihesabio vidogo. Kimoja unaweza kukiagiza kihesabu mapigo ya prosesa, kingine kihesabu ni mara ngapi imekaa bure ikisubiri kuletewa data na memori. Draiva ndiyo inayoviagiza na kuvisoma. Lakini kila aina ya prosesa ina namba zake za kuagizia, na draiva ina orodha ya aina inazozifahamu. Ikikutana na ngeni inakataa, inakwambia haiijui.

Mama Faraja, mwenye kiwanda cha kuchapa kadi za harusi kule Gerezani, alileta kompyuta iliyokuwa ikienda polepole mno. Prosesa yake ilikuwa ya aina mpya, na draiva ikaikataa. Mimi nikaona huo ni usumbufu tu. Nikaifungua draiva, nikalichomeka jina la prosesa ile kwenye orodha ya zile za zamani, kana kwamba zimezaliwa tumbo moja. Namba zikamwagika. Zilisema prosesa inasubiri memori karibu muda wote. Nikamwambia Mama Faraja aongeze memori, akanunua, muuzaji akamwekea.

Baada ya siku mbili akapanda ngazi zetu, kompyuta kaikumbatia.

"Marahaba, fundi," akasema kabla sijamwamkia. "Memori imeingia. Kufungua kadi moja bado nabandika chai, nakunywa, naosha na kikombe. Harusi Jumamosi. Nitafute fundi mwingine au nimwambie bwana harusi asubiri?"

Mafundi wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee Awadhi aliwahi kumwachisha kazi fundi kwa kumpotezea mteja mmoja, nami nilikuwa na midomo mitatu nyumbani.

Mzee akavuta kiti. "Nani kakwambia inasubiri memori?"

"Kihesabio, mzee."

"Umejuaje kinahesabu hicho?"

Mzee akaonyesha dirishani kwa kidole.

"Muuza dagaa hapo chini akinunua mizani, kitu cha kwanza anapima nini?"

"Jiwe la kilo."

"Kwa nini asipime dagaa?"

"Uzito wa dagaa bado haujui."

"Basi wewe umepima dagaa."

Akanituma niandike programu ndogo ya kujumlisha moja na moja mara milioni, kazi ambayo prosesa huimaliza yenyewe bila kusubiri memori. Kihesabio kilipaswa kusoma karibu na sifuri. Kikaleta namba kubwa ajabu. Kumbe agizo lile, kwenye prosesa mpya, lilihesabu jambo jingine kabisa.

"Draiva ilisema kweli kwamba haijui," mzee akasema taratibu. "Wewe ndiye uliyeilazimisha ijue."

Nilishinda na kitabu cha prosesa ile, nikaiandikia orodha yake yenyewe, kila agizo nikilijaribu kwanza kwa kazi ninayoijua. Alasiri mapigo yakasema: prosesa ilikuwa ikienda nusu ya mwendo wake, inajipunguza kasi kwa sababu ya joto. Nikainua feni ya kuipoza. Chini yake vumbi la karatasi za kadi lilikuwa limeshikana kama sufi. Brashi, dakika kumi, kwisha.

Kazi ngumu ilikuwa kuirudisha kompyuta Gerezani. Nilisimama mbele ya Mama Faraja na wachapaji wake nikasema memori ile haikuhitajika, na kosa ni langu. Yeye aliwasha kompyuta, akabofya kadi ya yule bwana harusi. Ikafunguka.

"Leo hata maji sijabandika," akasema.

Hakuhamia kwa fundi mwingine. Asubuhi yake Mzee Awadhi hakunipa barua ya kuniachisha. Aliniwekea mezani prosesa nyingine ngeni, akaenda zake.

Kwa hiyo, mwanangu, draiva yako ikikutana na prosesa isiyoijua, iache ikatae. Usiifundishe kujibu tu ili kioo kisibaki kitupu. Tafuta kitabu, andika orodha, kisha pima kitu unachokijua kabla ya kupima unachokitafuta. Na ukishampotosha mtu kwa namba ya uongo, nenda mwenyewe ukamwambie, usitume ujumbe.

Mungu akupe jicho la kuona ulipokosea kabla ya mteja, na miguu ya kwenda kusema usipowahi kuona. Mikono yako ibarikiwe, na kila mashine utakayoigusa imrudie mwenyewe ikiwa nzima.